Nyuki Asiye na Kwao

Wifi yangu Mwanahamisi alikuwa hakai. Sisemi kwamba alikuwa mzururaji. Ni mwanamke wa heshima zake, mwalimu, anajulikana Alunguli nzima, mtaa wetu wa Kindu. Nasema hakai. Alikula amesimama, sahani mkononi, jicho ukutani. Akimaliza kuswali, mkeka haujakunjwa, keshaanza kuuliza viatu vyake viko wapi. Ukimwekea kiti anashukuru, kisha anaegemea mlango. Miaka zaidi ya ishirini tumeishi ua mmoja, na ningeweza kuapa kwamba makalio yake yalikwisha kusahau kigoda kina umbo gani. Mimi naitwa Safia, dada wa mumewe, na dada wa mume ana ruhusa ya kusema hivyo bila kugombwa.

Ugonjwa wake ulikuwa nyuki. Si wale wakubwa wanaofukuza watu shambani, bali wale wadogo wasio na mwiba, wanaokujia kunywa jasho kwenye kope unapolima. Ukiwapiga wananata kwenye shavu. Wanaume wa msituni hutoboa miti kutafuta asali yao, nyepesi, yenye uchachu kidogo, na sisi mjini tunainunua kwa kikohozi. Kwa watu wote wenye akili timamu nyuki huyo ni mmoja. Mwanahamisi aliwaona wengi. Alifundisha biolojia sekondari, alikuwa na kioo cha kukuzia, na jikoni kwangu, mahali pa kuweka chumvi, alipanga vichupa vya spiriti vyenye mizoga ndani.

"Wifi, angalia vizuri. Hawa si ndugu," aliniambia siku moja, kioo mkononi. "Huyu muguu wake wa nyuma iko mupana. Huyu mwembamba. Huyu anajenga mulango na nta, huyu na utomvu wa miti."

"Na miye natafuta mafuta ya vitumbua," nilimjibu. "Iko chupa gani humu?"

Nilimcheka, lakini nilijifunza, maana kuishi na mwalimu ni kukaa darasani kwa lazima. Nikajua kwamba bado wako nyuki ambao hakuna mtu duniani aliyekwisha kuwaandika. Mtu akitaka kumwandika nyuki wa namna hiyo, lazima aseme ametofautiana wapi na jamaa zake, aeleze nyumba yake, amweke mmoja mahali pa salama awe shahidi wa wenzake wote, na aseme shahidi huyo alitoka wapi. Bila hayo, nyuki yupo lakini hayupo, kama mtu asiye na karata ya uraia.

Kaka yangu Djamali alikuwa fundi cherehani. Alikuwa mtu mpole, futi la kupimia nguo shingoni tangu asubuhi hadi jioni, hata sokoni, hata msikitini mpaka aambiwe alivue. Wateja wake wengi walitoka upande wa Kailo, watu wa msitu, nao wakamfundisha mambo yao. Kwao, mtu akigundua mti wenye nyuki, anauchanja alama yake kwa panga. Kuanzia siku hiyo mti ni wake. Hakuna atakayeugusa, na mtu akiulizwa uko wapi mti wa fulani, atasema hajui, hata kama ameegemea mti huohuo. Mwenyewe naye hasemi. Hasemi hata kwa mkewe, mpaka siku ya kumpeleka kuonja asali ya kwanza, la sivyo, wanasema, nyuki watahama. Djamali, mtu wa uzi na sindano, aliyashika hayo kuliko wenyewe. Mgeni wa dini huwashinda wenyeji kwa rakaa.

Miezi michache kabla ya vita ya pili ya Kongo aliingia uani na gogo begani, amelifunga majani pande zote mbili.

"Hii njo zawadi yako, mwalimu," alimwambia mkewe. "Ni tawi, upepo uliangusha. Muti wenyewe iko umesimama, na nyuki ingine ndani. Nimeweka alama yangu. Usiulize nimeitosha wapi."

Mwanahamisi alilifungua gogo na wakatoka nyuki weusi, nusu ya punje ya mchele. Mlango wa nyumba yao ulikuwa bomba la utomvu mwekundu, limepinda juu kama mdomo wa birika. Alimweka mmoja chini ya kioo. Akamweka wa pili. Kisha akaniita kwa kelele nikadhani ameungua. Nyuki wote wa jamaa ile aliowahi kuwaona walikuwa na mstari wa manjano usoni, chini ya macho, mzima. Hawa mstari wao umekatika katikati. Wote. Alichukua kumi, akachukua ishirini, mstari umekatika.

Aliwatuma baadhi kwa ndege, kwa profesa mmoja Kisangani, naye akawapitisha kwa wajuzi wenzake. Jibu lilikuja kabla ya mvua: hawakuwahi kumwona huyu. Lakini nyuki wafanyakazi wanafanana mno, mstari peke yake hautoshi. Walete madume wa nyuki haohao, kwa sababu madume ndio wanaotenganisha jamaa na jamaa bila ubishi. Na waambiwe mahali. Gogo lililoletwa begani si mahali.

"Djamali, wapi?" Mwanahamisi aliuliza asubuhi, mchana na jioni. "Niambie tu upande gani."

"Mvua iishe, nitakupeleka kwa miguu yako mwenyewe."

Mvua haikuisha kabla ya vita. Sitaki kuieleza vita. Kila mtu wa Kindu ana yake na haipungui kwa kusimuliwa. Treni ilikufa. Mto ukafungwa. Ikafika mwaka 2002, mji umezingirwa, mtu hawezi kwenda shambani kwake, na aliyekwenda hakuwa na hakika ya kurudi. Tulikula majani ya mihogo bila mihogo. Watoto wawili wa Djamali walikuwa na nywele nyekundu kwa njaa. Siku moja alfajiri kaka yangu alichukua kapu, akasema anajua njia moja kando ya vijito isiyopitwa na askari, atatafuta mihogo kwa wateja wake wa zamani.

Mwanahamisi alimsindikiza mlangoni. Nilikuwa uani nachota maji, nikasikia kila neno.

"Na madume yangu usisahau," alimwambia akicheka, maana hata katika njaa ile walikuwa wanataniana. "Ukirudi bila madume, utalala inje."

"Mihogo na madume," kaka yangu alijibu. Alitoka na futi lake shingoni. Hakurudi.

Wiki hazikupita nyingi kuni zikaisha. Mlango mmoja ulikwisha kuchomwa, na meza ya kukatia nguo pia. Asubuhi moja nilimkuta Mwanahamisi na shoka mbele ya lile gogo. Alilipasua, akakusanya asali kidogo akawalambisha watoto, akaweka vipande jikoni, na nyuki wakazunguka kichwa chake, wakajipenyeza kwenye nywele, yeye anachochea sombe, yale majani yetu ya mihogo. Ule utomvu wa ndani ulipoungua, nyumba nzima ilinukia kama chumba cha bibi harusi. Sisi na njaa yetu tukakaa katika harufu ile. Hajawahi kuizungumzia siku hiyo, na mimi sikuichokoza.

Vita ikaisha, au ikahama. Watu wakaanza kurudi, wengine tulikwisha kuwasomea hitima, wakacheka kusikia. Kila aliyetoka upande wa Kailo nilimuuliza habari za fundi Djamali. Hakuna. Mwaka wa kwanza nikangoja, wa pili nikangoja. Halafu shehe wa msikiti wetu alikuja kwa adabu kuzungumza na Mwanahamisi kwamba mke wa mtu aliyepotea hawezi kuning'inia maisha yake yote. Akae eda, miezi minne na siku kumi, ndani, kwa utulivu, kama mjane yeyote. Ndugu wasome hitima. Maisha yaendelee.

"Nikae eda ya nani, shehe?" alimuuliza akiwa amesimama. "Alikufia wapi? Kaburi iko wapi? Muntu bila mahali hajakufa. Amepotea tu. Muniletee mahali, nitakaa."

Nilimchukia. Naandika hivi kwa sababu ni kweli. Djamali alikuwa mume wake, lakini alikuwa kaka yangu kabla ya kuwa mume wa mtu, tumenyonya ziwa moja, naye alilala huko aliko bila mtu kumsomea hata Yasini kwa sauti. Nilimchukia Mwanahamisi asubuhi, na mchana nikamwekea chakula. Alikila kasimama.

Akaanza kutafuta. Kila likizo ya shule, kila Jumapili, alipanda moto, pikipiki za kukodi, au alikwenda kwa miguu: Kailo, na mbele ya Kailo, mara moja hadi Obokote, mbali kabisa. Kila kijiji aliuliza swali moja. Muti wa nyuki wenye alama, hapa uko wapi? Mlango wake mwekundu, umepinda juu? Watu walimkarimu, walimpa maji, walimwambia hawajui. Alirudi na miguu iliyochanika kwa miiba na vichupa vimejaa, na nyuki wote mstari mzima. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Sisi tulifuata nyuki tukala vumbi.

Siku moja, homa imemkamata baada ya safari moja kama hizo, alinishika mkono akasema, "Wifi, miye njo nilimutuma." Sikuelewa. "Madume. Nilimwambia asirudi bila madume. Alikuwa na mihogo tayari, pengine, akapita kwa muti sababu yangu." Nilimwambia alale, ilikuwa mzaha, kila mtu alijua ni mzaha. Lakini kuanzia siku hiyo nilifahamu kwa nini kiti kilikuwa kinamchoma. Ikiwa mumewe amekufa, basi amekufa kwa ajili ya nyuki wake. Maadamu anamtafuta, hajamuua. Nikapunguza kumchukia, si kwa kupenda.

Watoto wakakua, wakaolewa na kuoa. Bienfait, mwanafunzi wake wa zamani, akawa msomi wa wadudu huko Kisangani, akawa anamjia kila mwaka na darubini ndani ya sanduku. Kijana mwema, anakula vitumbua vyangu bila kuhesabu. Aliwapima wale nyuki wa gogo, waliobaki kwenye kopo la biskuti wamechomwa pini, mbawa, miguu, taya, kila kitu. Akashawishika kabisa kwamba ni aina mpya.

"Mwalimu, tuandike," alimwambia. "Madume tutasema hawajapatikana. Mahali tutasema karibu na Kindu. Wazungu wa zamani waliandika 'Kongo' tu, na nyuki wao iko na majina mpaka leo."

"Njo maana hakuna muntu anaweza kuwaona tena," Mwanahamisi alijibu, amekunja mikono mlangoni. "Karibu na Kindu! Kindu iko Kasuku, iko Mikelenge, iko Alunguli, iko mapori mpaka mwisho wa macho. Utamutuma muntu aende kutafuta nyuki 'karibu'?"

"Lakini ukifa, mwalimu? Tukikosa kuandika, na msitu wenyewe unakatwa hivi? Aina nzima itaisha bila jina."

Bienfait alisema kweli, na Mwanahamisi alijua. Lakini alisema tu kwamba hatamwandika nyuki asiye na kwao, akatoka nje kufuata kitu ambacho hakikuwapo. Bienfait alinitazama. Nikamwongezea chai.

Mwaka uliopita nikachoka. Nilikuwa nimetimiza miaka sitini na kitu, goti linagoma, nikaona nitakufa mimi nimkute kaka yangu huko anisute: Safia, hata hitima? Nikaamua nitaisoma, Mwanahamisi apende asipende. Nikaita watu wa msikitini, nikanunua mchele, nikaenda soko kutafuta sandarusi ya kufukiza nyumba. Siku hizi ya madukani imechanganywa na vumbi, lakini kulikuwa na mama mmoja mgeni sokoni, Gisèle, mwenye nywele za mvi zilizosukwa kwa uzi, aliyetandaza mabonge mekundu mazuri juu ya jani la mgomba. Nilinusa bonge moja nikalirudisha juu ya jani kabla sijajua kwa nini. Nilidhani ni joto. Nilinunua, nikaenda.

Nilikuwa nimewasha makaa kwenye chetezo Mwanahamisi aliporudi. Bonge la kwanza lilikuwa tayari linatoa moshi. Alisimama katikati ya ua, pua juu, na uso wake ukawa wa siku ile ya shoka.

"Unafanya nini, Safia?" Hakuniita wifi.

"Nasomea kaka yangu."

"Kaka yako hajakufa."

"Amekufa! Amekufa, Mwanahamisi, miaka yote hii amekufa, na weye unamukataza kufa!"

Alinyakua mkononi mwangu bonge la pili, nadhani alitaka kulitupa kwa majirani. Mkono ulikwenda juu, ukabaki juu. Jua la alasiri lilikuwa linapita ndani ya lile bonge jekundu. Aliliteremsha polepole, akalileta karibu na jicho, akaniambia kwa sauti nyingine kabisa, "Kioo."

"Kioo gani, na miye niko nazungumza na..."

"Lete kioo, wifi."

Ndani ya sandarusi alikuwamo nyuki. Hawa wadogo hukusanya utomvu kwa kujengea, na mara nyingine mmoja hunaswa, utomvu unamfunika, unaganda naye ndani. Alikuwa mzima, mbawa zimefunguka, kama ameitwa akasimama. Mwanahamisi alimgeuza, akamgeuza tena, akanipa kioo. Na mimi, niliyemcheka miaka yote, nikauona: mstari wa manjano, chini ya macho, umekatika katikati.

Wageni wa hitima walikuja wakakuta chetezo kimezimika na wenye nyumba hawapo. Tulikuwa sokoni.

"Sandarusi hii unaokota wapi?" Mwanahamisi alimuuliza Gisèle, anapumua kwa nguvu.

"Kwetu, mwalimu. Kijito cha Lusila, mbele ya Kailo. Mukitaka nyingi, mukuje tu."

Kesho yake tulipanda moto mbili, mimi na goti langu nyuma ya kijana aliyeendesha kama anakimbia deni. Kijiji cha Gisèle kilikuwa nyumba chache na mashamba ya mihogo, kisha msitu, kisha kijito chenye maji meusi na miti inayotoa utomvu mwekundu kwenye magome. Nyuki walikuwepo. Walitua kwenye utomvu, wakajipaka miguu, wakaruka wote upande mmoja. Mwanahamisi aliwafuata akiinama chini ya matawi kama msichana. Gisèle akamshika kanga.

"Kule hapana kwenda, mwalimu. Kule iko muti wa muntu."

"Muti wa nani?"

"Sijui."

"Uko wapi?"

"Sijui," Gisèle alisema, uso wake umefungwa kama duka siku ya sikukuu. Mwanahamisi alimwomba, akamsihi, akamweleza habari za mstari na madume na mlango uliopinda juu. Gisèle alitazama maji. Hapo nikaona kwa macho yangu jinsi zile safari zote zilivyokuwa, kijiji hadi kijiji, swali lilelile, na watu wema wakisema sijui.

Goti liliniuma, sikuwa na subira ya elimu. Nikauliza swali langu, lile nililowauliza watu wote waliotoka Kailo, ila mara hii nililiuliza kama lilivyo.

"Mama, mwenye muti alikufa?"

Aligeuka. "Alikufa. Wakati wa vita."

"Alikuwa na futi shingoni?"

Gisèle alinisogelea. "Weye unamujua fundi?"

"Njo kaka yangu. Na huyu njo bibi yake."

Aliweka kapu chini, akafunga kanga yake upya kama mtu anayejiandaa kwa kazi. "Basi wenyewe wa muti wamefika," alisema. "Mupite."

Mti ulikuwa mkubwa, shina lake watu watatu hawalikumbatii. Kuuzunguka, visiki vitupu. Wakata mbao walikuwa wamepita na mashine zao mara nyingi, wamechukua kila kitu. Alama ilikuwa kwenye usawa wa kifua: mistari miwili ya kulala na mmoja wa kukata, ile aliyoweka Djamali kwa chaki kwenye kila kitambaa kuonyesha upande wa ndani. Gome lilikuwa limevimba pande zote, alama imepanuka na mti. Juu yake kidogo, bomba jekundu limepinda kama mdomo wa birika, na nyuki wanaingia na kutoka.

"Wakata mbao walitaka huu zaidi ya yote," Gisèle alisema. "Baba yangu alikataa. Aliwaambia iko na alama ya muntu, na mwenyewe amekufa, na ndugu yake hajakuja kuitoa. Baba alipokufa, na miye nikakataa."

Akatusimulia akiwa anatembea, kwa sababu kaburi halikuwa mbali, pembeni ya shamba la zamani. Fundi alipita kwao akienda, akalala usiku mmoja, akawaambia ule mti ni wake, vita ikiisha atamleta bibi yake kuuona, bibi yake njo anajua nyuki. Akaenda mbele kutafuta mihogo. Aliporudi, risasi zilianza ng'ambo ya kijito. Hawakuwaona waliokuwa wanapiga. Walimkuta kwenye njia. Baba yake Gisèle alimzika, wakaweka mawe. Jina hawakulijua. Futi liliozea mikononi mwa watoto waliokuwa wakilichezea.

Mwanahamisi alisimama mbele ya mawe, mikono imening'inia.

"Alikuwa na kichupa?" aliuliza mwisho. "Kichupa kidogo na nyuki ndani?"

"Hapana, mama. Alikuwa na mihogo. Na mawese kwa kopo."

"Nyuki hakuchukua?"

"Mihogo tu. Njia hii haipite hata kwa muti. Alikuwa anarudia nyumbani."

Wifi yangu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na ilikuwa karibu na kicheko. Nilimshika. Tukalia wote wawili, kila mtu kilio chake, na Gisèle akatungoja. Kisha Mwanahamisi akajifuta uso, akamuuliza karibu kwa hasira kwa nini. Kwa nini, miaka yote. Alipita kijiji hiki. Aliwauliza.

"Ulipita, mwalimu. Nakukumbuka, mara mbili," Gisèle alijibu, wala hakuwa anamlaumu. "Uliuliza muti. Nani ataonyesha mugeni muti wa muntu mwengine? Muntu wako, hukumuuliza."

Mwanahamisi alirudi kwenye mti, na kwa sababu ndivyo alivyo, alifanya kazi. Madume wa nyuki hawa hukusanyika nje ya nyumba, wakining'inia kwenye vijiti wakingoja malkia mchanga atoke, na siku ile walikuwepo, kijiti kizima. Alichukua wachache. Alipima bomba, alipima urefu wake kutoka chini, akaandika jina la kijito na la kijiji, na simu ikamwambia mahali pa mti juu ya uso wa dunia. Nyumba yenyewe hakuigusa. Gisèle alituuliza kama tunataka kuitoa ile alama, kwa sababu sasa ni haki yetu. Tulisema hapana.

Bienfait alikuja mbio kutoka Kisangani. Madume walithibitisha: ni aina peke yake, haina ubishi. Wamekwenda kuandikwa, na jina walilopewa ni la Kilatini, maana yake nyuki wa fundi wa nguo. Nilipendekeza waitwe Safia, nikaambiwa nimechelewa.

Hitima ya kaka yangu tuliisoma Ijumaa iliyofuata, mbele ya mawe yale, na watu wa kijiji wakaja hata wasio Waislamu. Tuliporudi, Mwanahamisi alimwita shehe, akamwambia yuko tayari kukaa eda. Shehe, mzee wa watu, alipaswa kusema ukweli: eda huhesabiwa kutoka siku mume alipokufa. Imekwisha zamani sana. Sheria haimdai kitu.

"Najua, shehe," alimjibu. "Iache sheria. Miye nataka kukaa."

Shehe akanitazama mimi, nikatazama dari. Akasema hakuna anayekatazwa kukaa nyumbani kwake, akamwombea dua, akaenda.

Jioni ile nilipika sombe kwa mawese, na bugali ya mihogo. Nilichukua sahani yake kama siku zote, nikamkuta chumbani ametandika mkeka, amevaa kanga kuukuu, miguu ameikunja. Nikasimama na sahani, mkono wangu tayari umenyooka juu, mahali unapomkuta akiwa mlangoni, miaka yote. Ilinibidi niinamishe goti langu baya kuiweka chini. Alinawa, akasema bismillahi, akala amekaa.